"Tovuti Nilishanunua, Mbona Mnanidai Tena?"

Ijumaa iliyopita mama mmoja mwenye hoteli ya samaki kule Dunga alipanda ngazi hadi ofisini kwetu hapa Kisumu mjini, tunakojengea watu tovuti na kuzihifadhi, mkononi ana risiti ya mwaka jana iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua mezani, akaipapasa kwa kiganja mpaka ikalala, ndipo akasema: "Kijana wangu, hebu soma mwenyewe. Hapa mmeandika 'imelipwa yote'. Sasa hii meseji ya kunidai shilingi 7,800 ni ya nini? Tovuti si nilishanunua?" Akaongeza kwamba mpwa wake amemwambia sisi tunakula pesa za watu wasiojua kompyuta.

Hilo liliniuma. Na si yeye wa kwanza. Lalamiko hili hutufikia karibu kila wiki, kutoka Mamboleo, Luanda, Kakamega, mpaka Siaya, kwa hiyo acha nilijibu hapa vizuri.

Ukija kwetu unalipia vitu vitatu kwa mpigo, na ni kimoja tu ambacho ukishakilipia kimekwisha. Hicho ni kazi ya kuijenga tovuti: picha, maandishi, rangi, ukurasa wa bei. Cha pili ni jina, yaani kikoa. Majina yanayoishia na .ke yanasimamiwa na KeNIC, na hakuna mtu anayeuziwa jina la milele. Unalikodi kwa mwaka mmoja au zaidi, na ukiacha kulipa mwingine analichukua. Cha tatu ni nafasi kwenye seva, ile mashine inayowaka usiku na mchana ili mgeni aliye Nairobi akitafuta mahali pa kula samaki Kisumu saa sita usiku, aone picha na namba yako ya simu. Mtu akikujengea kibanda Kibuye, fundi unamlipa mara moja. Ushuru wa soko je, unaisha?

Lakini risiti ile tuliiandika sisi, na maneno "imelipwa yote" yalikuwa makosa. Mama alikuwa na haki ya kuyasoma alivyoyasoma. Hilo tumelirekebisha.

Halafu bei. Mwaka jana alilipa 6,500, mwaka huu 7,800, na ameuliza kwa nini. Seva tunakodi kwa dola. Januari 2024 dola ilipofika karibu shilingi 160 tuliibeba hasara wenyewe, hakuna mteja tuliyemwongezea hata shilingi. Kinachotubana kila mwaka ni programu ya cPanel, ile ambayo mteja huingia kufungua imeli zake na kupakia faili. Zamani tulilipa kiasi kimoja kwa seva nzima. Mwaka 2019 wenye programu hiyo wakageuza, wakaanza kutoza kwa idadi ya akaunti, na tangu hapo bei imekuwa ikipanda. Weka juu yake VAT ya asilimia 16, weka mshahara wa kijana anayelala na simu kando ya kichwa. Sioni haya kuitetea bei yetu.

Sasa nije kwa njia ya mkato, maana hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Wengi wanadhani mkato ni zile ofa za nje, dola mbili kwa mwezi. Hizo zina mambo yake: mwaka wa kwanza ni rahisi, wa pili bei inaruka, na tatizo likitokea unaandikiana na mtu asiyejua Kondele iko wapi. Lakini mfanyabiashara anaweza kuishi nazo. Mkato unaoua ni wa kumwachia mtu mwingine asajili jina lako kwa imeli yake.

Shule moja ya Vihiga ilitengenezewa tovuti na mwanafunzi wake wa zamani, kijana mzuri, kwa bei ya soda. Jina lilikuwa la .com, alilisajili kwa imeli yake na kadi yake. Kijana akapata kazi Qatar, akabadilisha namba, ile imeli akaiacha. Mwaka ulipoisha, ilani za kulipia zikawa zinaingia kwenye sanduku ambalo hakuna aliyekuwa akilifungua. Jina la .com likiisha muda haliondoki siku hiyo hiyo. Kwa kawaida kampuni iliyolisajili hukupa wiki kadhaa kulipa kwa bei ya kawaida, kisha huja siku 30 za kulikomboa kwa faini, kisha siku 5 za mwisho, halafu linaachiwa yeyote. Shule haikujua hata siku moja kati ya hizo.

Mwalimu mkuu alikuja kwetu Januari, wakati wazazi wa wanafunzi wapya wanatafuta orodha ya mahitaji. Nilifungua lile jina mbele yake. Badala ya picha ya lango la shule ukatokea ukurasa wa kamari, kijani kibichi, na mpira unazunguka. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza, "Lakini nyinyi si ndio wataalamu? Hamwezi kuwatoa?" Ilibidi nimwambie ukweli: hatuwezi, kwa sababu aliyelichukua amelilipia kihalali. Tukaisajilia shule jina jipya la .sc.ke, ambalo limetengewa shule, safari hii kwa jina la shule yenyewe na imeli mbili za ofisi. Jina la zamani lilikuwa limeandikwa kwa rangi ya buluu nyuma ya basi, kwenye kibao cha barabarani, kwenye karatasi za barua na kwenye mihuri miwili. Vyote vilirudiwa. Gharama ya kulipaka lile basi peke yake ingelipia jina kwa miaka mingi.

Kwa hiyo, mteja, leo hii muulize aliyekutengenezea tovuti: jina limesajiliwa kwa nani, na imeli gani inapokea ilani? Akisitasita, tupigie. Kuangalia hatutozi.

Kitu kingine ambacho watu huuliza kabla hata ya salamu ni ukubwa wa nafasi. "Mnatoa GB ngapi?" Tovuti ya hoteli au hadiweya haijazi hata GB mbili, kinachojaza ni imeli za kotesheni zenye picha zisizofutwa tangu duka lifunguliwe. Swali lenye maana ni la nakala ya akiba, ile ya kuirudisha tovuti ikiharibika: mnaihifadhi wapi, na lini mara ya mwisho mliirudisha ikafanya kazi? Machi 2021 kituo cha seva cha kampuni ya OVH kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na kuna waliopoteza kila kitu kwa sababu nakala zao zilikuwa pale pale. Sisi za kwetu tunaziweka mji tofauti na ilipo seva. Kila Alhamisi jioni tunachagua akaunti moja bila kuangalia ni ya nani, tunairudisha kwenye mashine nyingine, tunabonyeza kila picha, tunajituma ujumbe kupitia fomu yake. Mara mbili tumekuta nakala imekatika katikati. Mteja hakujua, na tovuti yake ilikuwa salama wakati wote, lakini ndiyo kazi yenyewe hiyo.

Na tukikuahidi kwamba tovuti itafunguka asilimia 99.9 ya muda, fahamu kwamba hiyo inaacha kama dakika 43 kwa mwezi ambazo tovuti yaweza kutofunguka. Anayekuahidi mia kwa mia usimpe pesa. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, simu yetu haikupoa siku nzima, watu wakidhani tumewafungia. Simu zote tulizipokea.

Turudi kwa mama wa Dunga. Nilimgeuzia skrini nikamwonyesha usajili wa jina lake: mmiliki, yeye; imeli, yake; namba ya simu, ile ile aliyokuwa ameishika. Akauliza kama sisi tukifunga ofisi kesho jina linakuwa la nani. Nikamwambia litabaki lake, atahamia kwa mwingine, na msimbo wa kuhamisha tunampa siku atakayoutaka. Akatulia.

Nikaichana ile risiti ya zamani nikamwandikia nyingine yenye mistari mitatu: ujenzi, umekwisha; kikoa, mwaka mmoja; seva, mwaka mmoja. Alisoma kila mstari kwa sauti. Kisha akanirudishia kalamu akasema, "Andika na tarehe ya kulipa tena. Herufi kubwa." Nikaandika. Akatuma 4,000 kwa M-Pesa, zilizobaki tukakubaliana mwisho wa mwezi, akaikunja risiti mara nne na kuitia kwenye pochi.

Risiti zetu zote sasa zina tarehe hiyo. Kama yako haina, njoo nayo tuiandike upya.