Salamu za Shukrani kutoka kwa Familia ya Marehemu

Familia yetu inatoa shukrani za dhati kwa wote mliokuwa pamoja nasi tangu kaka yetu mpendwa alipopandikizwa figo, katika kumuuguza, hadi tulipomsindikiza kwenye nyumba yake ya milele. Kwa kuwa si rahisi kumshukuru kila mmoja kwa jina, tunaomba mzipokee salamu hizi.

Kwa namna ya pekee tunawashukuru mliokubali kutokuja. Mnaikumbuka karatasi iliyobandikwa mlangoni ikimwomba mwenye mafua asiingie, na watoto waliomwamkia mjomba wao kupitia dirishani, naye akiwapungia mkono, barakoa usoni. Wapo waliodhani tunajitenga. Dawa alizomeza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku ili mwili usiikatae figo ndizo hizohizo zilizodhoofisha kinga yake, hata mafua ambayo kwetu ni ya siku tatu yangeweza kumshukia mapafuni.

Dada yetu uliyemtolea figo, hili tunalisema hadharani kwa sababu tumekuona ukilia peke yako. Virusi vya sitomegalo, vilivyomwondoa ndugu yetu, hukaa kimya katika miili ya watu wazima wengi maisha yao yote bila kuwadhuru, na huweza kuhama pamoja na kiungo. Madaktari walivipima kabla ya upasuaji, wakajua kuwa wewe unavyo na yeye hana, wakatueleza hatari hiyo sote tukiwa tumekaa, na yeye mwenyewe akaamua kuendelea. Alimeza dawa ya kuvizuia kwa siku 200 bila kukosa hata dozi moja. Vikaamka baada ya dawa kwisha, kama inavyowatokea baadhi ya wagonjwa. Huna kosa lolote. Ulimpa miezi 14 ya kulala kitandani kwake, mbali na mashine ya kusafisha damu.

Tunawashukuru madaktari waliopunguza dawa za kushusha kinga kwa uangalifu mkubwa, wakijua kwamba kuzipunguza kupita kiasi kungeiponza figo, pamoja na muuguzi wa zamu ya usiku aliyetupigia simu mapema, tukawahi kumshika mkono.

Nanyi wenzake wa kliniki ya figo, mliofika mazikoni mkiwa na barakoa na kusimama pembeni ya umati, tuliwaona, na tunajua mlichokihatarisha kwa kufika. Asanteni sana.