Madesa yangu sikutumii, mdogo wangu

Mdogo wangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Matokeo yametoka, huna supu hata moja, yaani hakuna mtihani wa kurudia, na sasa unaomba nikutafutie madesa yangu ya mwaka wa pili, zile notisi za kurithishana, kwa kuwa kozi ni zile zile. Hongera sana. Mama alinipigia kutoka Pasua, Moshi, huku analia kwa furaha. Lakini madesa sikutumii, na nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu wadogo wa rafiki zangu nao wananiomba hayo hayo.

Ninayo bado, kwenye boksi chini ya kitanda, hapa Sakina, Arusha. Jana usiku niliyatoa. Lile la takwimu lina miandiko ya watu watatu na limefifia kwa kutolewa kopi ya kopi. Ukurasa wa nne, aliyenakili fomula aliacha alama ya kipeuo. Kosa hilo lilipita mkono kwa mkono, mwaka hadi mwaka, nami nikaenda kuliandika kwenye mtihani vile vile lilivyo. Na kozi nikafaulu. Ndivyo nilivyopita miaka mitatu: wiki mbili za msuli, nakesha, nakariri, naenda kumwaga, nikitoka ukumbini kichwa kitupu. Nikahitimu kwa daraja la pili la juu.

Wiki ya tatu kazini, hapo hapo Moshi, bosi wangu, mzee ambaye chuo kikuu hakukanyaga, aliniwekea mezani mafaili matano ya kahawa: hesabu za makusanyo ya vyama vya msingi vya ushirika, ripoti ya bwana shamba, barua za wakulima. Akasema, "Nataka kujua kwa nini mzigo umepungua. Kurasa mbili, kesho asubuhi." Nikampelekea sita. Niliandika maana ya ushirika, umuhimu wa kahawa kwa taifa, faida na changamoto. Akasoma zote kimya, kisha akaandika pembeni: "Kwa nini?"

Jibu lilikuwa kwenye barua moja ya wakulima. Malipo yamechelewa, wao wameamua kupanda nyanya. Barua hiyo nilikuwa nimeisoma. Ila miaka yote nilizoea jibu lije likiwa limeandikwa juu yake kwamba ni jibu.

Jambo hili, la mtu kupita chuo bila kujifunza kufikiri, limepimwa. Mwaka 2011 wanasosholojia wawili wa Marekani, Richard Arum na Josipa Roksa, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi zaidi ya 2,300 wa vyuo 24. Mtihani waliopewa haukuwa wa somo lolote. Unapewa bunda la nyaraka, tuseme za kampuni inayotaka kununua ndege ya aina ambayo moja imetoka kuanguka, kisha unaandika ushauri wako. Nilipofika hapo nikisoma, nikayakumbuka yale mafaili matano. Baada ya miaka miwili chuoni, asilimia 45 hawakuwa na maendeleo yanayopimika. Baada ya miaka minne, asilimia 36. Wapo wasomi waliopinga kwamba mtihani mmoja haupimi kila kitu, na ni kweli, daktari au fundi umeme hujifunza mengi yasiyoonekana hapo. Kilichonishika mimi ni wale waliopanda alama: walikuwa na kozi za kusoma zaidi ya kurasa 40 kwa wiki na kuandika zaidi ya kurasa 20 kwa muhula. Na waliojisomea peke yao walipanda kuliko waliozoea kusoma kwa vikundi.

Najua mko mamia ukumbini na mwalimu wenu hawezi kusahihisha insha zote hizo. Hilo si kosa lako, na wakubwa wa vyuo wanapaswa kulijibu. Lakini miaka ni yako, hairudi.

Kwa hiyo Jumamosi napanda basi nakuja. Kabla sijafika, nenda soko la Mbuyuni, waulize wauza ndizi watano kwa nini bei inapanda na kushuka, uniandikie kurasa mbili kwa mkono wako. Wakipingana, usiwapatanishe haraka; anzia hapo hapo walipopingana. Nakuja na kalamu nyekundu, tutakaa barazani kwa Mama mpaka tumalize. Na bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, kama halijaingia niambie leo, nikutumie hela ya kula.

Dada yako