Njeri, usiwatukane bado

Kisumu, Jumapili jioni

Mpendwa Njeri,

Niliusikiliza ujumbe wako wa sauti nikiwa Dunga nasubiri samaki wangu akaangwe, na mara ya kwanza nilidhani umefiwa. Ilibidi niurudie ndipo nikaelewa kwamba ni hasira. Na una haki ya kukasirika. Mtu anajipitia zake Kenyatta Avenue, mara spika ya duka la magodoro inamwimbia kwa sauti yake mwenyewe, kiitikio chake mwenyewe, ila pale palipokuwa na jina la Mungu sasa pana bei ya godoro la inchi sita! Mimi hiyo spika ningeipiga teke.

Lakini umesema utawashtaki kwa hakimiliki kwa sababu "sauti yangu ni mali yangu", na hapo nakuomba tuketi kidogo. Hii miaka yangu ya kuchapa hati za wakili nimeona watu wenye haki kabisa wakirudi nyumbani mikono mitupu kwa kushika sheria isiyowahusu.

Una madai mawili na umeyafunga kwenye leso moja. La kwanza ni wimbo: maneno na tuni. Huo Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaulinda tangu siku ulipouandika kwenye daftari, uusajili usiusajili, na ulinzi wenyewe utadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Mwanao Baraka atakuja kuula. Wasikudanganye kwamba wamebadilisha maneno, maana haki ya kuugeuza wimbo nayo ni yako.

Sauti ndiyo ngumu. Hakimiliki inalinda kazi na rekodi ya kazi. Koo lako hailijui. Na kwa unavyosimulia, hawakukata kipande cha rekodi. Nadhani walichukua zile video zako za ibada wakailisha programu ya akili unde, ikajifunza hadi unavyovuta pumzi, kisha ikaimba upya. Nilipomweleza bosi wangu alikaa kimya, halafu akaniambia nifungue Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Pale inapoeleza data za kibayometriki, baada ya alama za vidole na DNA, utambuzi wa sauti umo. Malalamiko unampelekea Kamishna wa Data mwenyewe, hata bila wakili, na sheria inamtaka ayamalize ndani ya siku 90. Mwaka 2023 alitoza shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Sauti iliyoigwa si picha, kwa hivyo usianze kuchagua kiwanja Kiamunyi. Ila swali watakaloulizwa ni lile lile: ni nani aliyewapa ruhusa?

Uliuliza pia kuhusu wale waandishi wa Marekani walioishtaki kampuni ya akili unde kwa kutumia vitabu vyao. Ni kweli, mwaka 2025 kampuni hiyo, Anthropic, ilikubali kulipa dola bilioni 1.5, kama dola 3,000 kwa kila kitabu. Lakini jaji alikuwa amesema kuifundisha mashine kwa vitabu si kosa. Kilichowaponza ni nakala walizopakua kwenye tovuti za wizi. Na waliostahili kulipwa ni wale ambao vitabu vyao vilikuwa vimesajiliwa kule. Ndiyo maana nakusumbua kuhusu usajili. Hapa kwetu si lazima, lakini cheti cha KECOBO, yaani bodi ya hakimiliki ya Kenya, ukikiweka mezani, mwenye duka ndiye anayebaki na kazi ya kubisha. Nimekuambia tangu mwaka juzi, nawe ukasema uko bize na kwaya.

Kwa sasa, rudi pale dukani na simu. Rekodi tangazo lote, bango la duka lionekane, na uandike tarehe na saa. Kama wameliweka Facebook, hifadhi kiungo kabla hawajalifuta. Tangu Sheria ya Hakimiliki irekebishwe 2019, unaweza kuandika notisi ya kuliondoa, na mtoa huduma wa mtandao ana saa 48 za kazi. Na tafadhali acha kuwatukana kwenye ukurasa wao. Matusi yako yatasomwa kortini kwa sauti ya upole sana na wakili wao.

Kuna jambo moja linaloninyima usingizi. Yule kijana wa studio ya Free Area, mliandikiana nini? Ikiwa yeye ndiye aliyepanga na kugharimia kurekodi, rekodi huenda ni yake, hata kama wimbo ni wako. Na huenda watu wa magodoro watakuja na risiti yake mkononi.

Bosi amekubali kukuona Alhamisi bila ada ya kwanza, nimemlainisha kwa omena. Panda matatu ya alfajiri. Ile karatasi ya studio itafute leo usiku, chini ya zile sare za kwaya, na ukiikosa nipigie kabla sijamwambia kwamba ipo.

Wako,
Achieng