Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Haizhu, Guangzhou, China

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Kariakoo, Dar es Salaam, tunakofungua marobota ya magauni yaliyoshonwa kwenye vichochoro vya Kangle, wilayani kwako. Mimi sina kura Haizhu. Wanaonishonea nao hawana, na wao wanaishi hapo.

Wenye karakana wengi Kangle ni watu wa mkoa wa Hubei, wa miji ya Tianmen, Qianjiang na Jianli. Utawakuta wamejipanga barabarani, kila bosi ameshika sampuli ya nguo na kibao cha bei ya kipande. Mafundi wanapita, wanapapasa mshono, wanapiga hesabu kichwani, wanasogea kwa bosi wa mbele. (Neno "bosi" lisikutishe, wengine cherehani zao hazijazi sebule.) Nyuma yao nyumba zimebanana hadi zikaitwa za kushikana mikono, dirisha kwa dirisha.

Kodi ya pango wanalipa kwako, lakini hukou, yaani uandikishaji wa ukazi uliowekewa sheria mwaka 1958, imewabakiza kijijini. Kura ya mabaraza ya wananchi nayo iko hukohuko. Ndiyo maana Novemba 2022, baada ya kufungiwa kwa sababu ya Uviko, hawakuwa na diwani wa kumgongea mlango. Walisukuma vizuizi vikaanguka.

Sasa wanaambiwa wahamie Qingyuan, mji ulio kaskazini ya Guangzhou. Huenda Qingyuan ni pazuri, sibishi. Ila fundi akihama leo na soko la vitambaa la Zhongda, lililo jirani na Kangle, likabaki, jora moja la kuongezea oda ya usiku atalifuata wapi? Swali hilo angelijibu mwenye karakana, kama angeulizwa. Beijing mwaka 1995 ilibomoa makazi ya washonaji wahamiaji kutoka mji wa Wenzhou pale Zhejiangcun, mtaa wao pembezoni mwa jiji hilo, makazi waliyojijengea wenyewe. Miezi haikupita mingi wakarudi.

Sisi Kariakoo tulifunga maduka Mei 2023. Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja, akakaa, akasikiliza malalamiko ya kodi mbele ya umati. Hatukupata yote. Lakini tulikuwa na jumuiya, na jumuiya ilikuwa na wasemaji.

Vyama vya matajiri wa Hubei vipo. Ombi langu ni la wadogo: waruhusu wasajili chama chao, wachague wasemaji kwa kura, na wasemaji hao waitwe kikaoni kabla jengo halijawekewa alama ya kubomolewa.

Wako,
Mnunuzi wa magauni, Kariakoo