Bahari inasingiziwa, maji ni ya kwenye zege letu wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo la kufunika sakafu kabla zege halijakauka limenikaa kooni toka masika na naona wenzangu hapa Tanga wanaendelea kuliingia vilevile, wiki iliyopita tu nimepita Mikanjuni nikakuta nyumba inagundishwa kapeti la plastiki na lipu ya nje bado mbichi kabisa, nikataka kusimama niseme nikaona nitaitwa mwanga.

Mi nina vyumba viwili vya kupangisha huku Sahare. Jamvi, yaani zege la sakafu, lilimwagwa mwishoni mwa mwezi wa kwanza, bati likapanda mwanzoni mwa mwezi wa tatu, katikati ya mwezi huohuo mpangaji anataka kuingia na hela ya miezi sita anayo mkononi. Nikamuuliza fundi, zege limekauka? Akapiga kisigino chini mara mbili akaniambia, "Mama, hili limeshapita siku 28, hili ni jiwe, hata lori lipite." Nami nikaamini. Nikanunua lile kapeti la plastiki lenye mchoro wa mbao, likapakwa gundi sakafu nzima, likavutwa likanyooka, vyumba vikapendeza mpaka nikapiga picha nikatuma kwenye grupu la familia.

Mvua zilipochanganya mpangaji akaanza kunipigia simu habari ya harufu. Halafu yakaja malengelenge, unakanyaga hapa uvimbe unahamia pale kama kitu hai. Nikaenda mwenyewe nikabandua kona ya nyuma ya mlango, wala sikuvuta, lilitoka lenyewe. Gundi imekuwa uji, uji kweli, unanata vidoleni, rangi kama maziwa yaliyokatika. Chini yake sakafu nyeusi imelowa, na pembeni kwenye ukuta umeota unga mweupe, nikaugusa kwa ulimi (msinicheke), chumvichumvi na uchungu wa chokaa. Harufu ile ni ya mtungi uliofunikwa na maji ya wiki mbili.

Kila niliyemuuliza jibu lake bahari. Ati Tanga ndivyo ilivyo, unyevu wa bahari huo, utafanyaje. Sasa jirani yangu tumepakana ukuta kwa ukuta, bahari iko mbali naye sawasawa na ilivyo mbali na mimi, ana sakafu ya niru, simenti tupu iliyosuguliwa laini, miaka nenda rudi haina hata doa. Bahari imenichagua mimi peke yangu?

Aliyenikalisha chini akanielewesha ni mpwa wangu anayesomea ujenzi. Akaniambia shangazi, zile siku 28 ni za nguvu, sio za ukavu, ni vitu viwili tofauti kabisa na hata mafundi wenyewe wengi wanavichanganya. Mfuko wa kilo 50 wa simenti unachanganywa na maji kama lita 25, na hapo fundi amejizuia maana wengi wanazidisha ili zege liteleze lisiwachoshe. Katika hizo lita 25 simenti yenyewe inakula kama 12 tu kuwa jiwe. Zinazobaki ziko humo ndani kwenye vitundu, na njia ya kutoka ni moja, juu, polepole. Hesabu wanayoitumia mafundi wa sakafu ni kama mwezi mmoja kwa kila inchi moja ya unene, jamvi langu inchi nne, yaani miezi minne, na hiyo inaanza kuhesabiwa ukishamaliza kulimwagia maji ya kulikomaza na bati liko juu mvua hailigusi tena. Tena huko ni kwenye hewa kavu, sio hewa yetu ya mwezi wa nne ambayo hata shati kwenye kamba haikauki. Mi nilisubiri wiki sita, na mbili tu ndo zilikuwa chini ya bati, halafu nikaziba mlango pekee wa kutokea maji kwa plastiki na gundi. Maji yakipanda yanabeba ule ukali wa simenti, ule unaobabua mikono ya saidia fundi, ndo uliogeuza gundi yangu kuwa uji.

Hilo la kwanza. La pili ndo lililoniuma zaidi, manake ni la hela ndogo. Akaniuliza, chini ya jamvi mliweka nailoni? Nikamwambia hata sijui. Tukampigia fundi, akasema, "Mama ulisema tubane matumizi." Kweli nilisema. Sasa bila nailoni, ardhi ikilowa unyevu unapanda kwenye moramu, ule udongo laini wa kujazia chini ya sakafu, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, unalikuta zege nalo lina vitundu, unaendelea kupanda, na huo hauna miezi minne, huo kila masika na kila vuli unarudi. Inatakiwa nailoni nzito, geji 1000 (geji ndo kipimo cha unene wake), zile nyepesi za kufunikia magodoro kokoto zinazitoboa siku hiyohiyo. Inatandikwa juu ya mchanga uliosawazishwa, vipande vinapandiana sentimita 15 au zaidi na kuunganishwa kwa gundi ya utepe, na pembeni inapandishwa ukutani mpaka ikutane na ile karatasi ya msingi ya kuzuia unyevu. Chini kabisa mawe au kokoto kubwa, hizo hazinyonyi maji. Na mchanga wa ufukweni jamani tuuache, chumvi yake inavuta unyevu hata wa hewani na inakula nondo. Tanga tuna kiwanda cha saruji hapo Pongwe, simenti tunaishi nayo mlango wa pili, lakini kuisubiri ikauke hatujui.

Kuna kipimo cha bure kabla hujagundisha kitu. Chukua kipande cha nailoni kinachoonesha, karibu nusu mita kila upande, kibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne pasipite hewa, kiache usiku kucha, yasipungue masaa 16. Ukikuta umande kwa ndani au sakafu imekuwa nyeusi, usiweke kitu. Ila ukikuta pakavu usishangilie sana, maana maji yanaweza kuwa chini zaidi na yakapanda ukishafunika. Kipimo cha uhakika kinatoboa tundu kwenye zege, asilimia 40 ya unene wake, yaani kwa jamvi la inchi nne kama sentimita 4 hivi, kinaingizwa kifaa cha kusoma unyevu humohumo ndani.

Kama yameshakukuta kama mimi, usikimbilie kununua kapeti jipya wala rangi. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Funga mabomba yote usiku, soma mita, asubuhi isome tena, ikitembea una bomba linalovuja mahali, pengine chini ya sakafu. Zunguka nje uangalie, kwangu nilikuta udongo wa maua umejazwa ukutani umepita usawa wa sakafu ya ndani, na maji ya bati yanamwagika palepale. Nimechimba nimeshusha. Wenye uwezo sakafu inakwanguliwa gundi yote na kupigwa epoksi mikono miwili ya kuziba unyevu, bei yake nimeulizia nikakaa chini. Mwingine aweke taili za kauri zilizobandikwa kwa simenti, zinavumilia kuliko kapeti, ingawa ule unga mweupe unaweza kuchungulia kwenye mistari. Au niru, kama jirani.

Kwenu wauza kapeti wa Ngamiani nawaomba kitu kimoja, mteja akija na vipimo vya chumba muulizeni na jamvi limemwagwa lini.

Kwangu mimi sakafu ziko wazi bila kapeti, madirisha wazi mchana kutwa, huu mwezi wa nane upepo unasaidia. Juzi usiku nimebandika tena kile kipande cha nailoni, chumba cha mbele kimekuwa kikavu, cha nyuma bado umande. Mpangaji nimempunguzia kodi. Amenunua jamvi la ukindu, lile la kukalia, anatandika jioni na asubuhi analikunja analiegemeza ukutani, kama alivyokuwa akifanya bibi yangu, na mi nilidhani bibi analikunja kwa ajili ya kufagia tu.

Mama mwenye nyumba,
Sahare, Tanga