Ndoto imetimia, sawa, ila uliiandika lini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Wasomaji wenzangu wamekuwa wakileta shuhuda za ndoto zilizotimia, nazisoma zote na kusema kweli nazipenda, ila kuna swali sioni mtu akiuliza. Hiyo ndoto uliisimulia au kuiandika kabla ya tukio, au umeikumbuka baada?

Maana kila usiku mtu anaota ndoto kadhaa na asubuhi nyingi zimeshafutika. Unaota ndugu yako anaumwa, unaamka, ndugu mzima, basi ndoto imeishia hapo na wala hujui tena kama uliota. Siku akiumwa kweli ndo unashtuka "mbona niliota!" na hiyo moja utaisimulia mpaka uzeeni, zile zilizokosa hakuna anayezihesabu. Watu wanaolala usiku mmoja ni mamilioni kwa mamilioni, mimi ningeshangaa zaidi kama asingepatia hata mmoja. Na hili la kumuwaza mtu halafu simu yake inaingia ni hivyo hivyo, mara ngapi umemuwaza na simu ikakaa kimya?

Lakini kinachonisumbua zaidi ni kumbukumbu. Tunaijenga upya kila tunapokumbuka, na mambo tuliyoyajua baadaye yanaingia humo bila hodi. Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilipasuka kikiwa angani, na kesho yake wanasaikolojia Ulric Neisser na Nicole Harsch wakawapa wanafunzi wa chuo karatasi waandike habari ile iliwakuta wapi, na nani, wakifanya nini. Karibu miaka mitatu baadaye wakawauliza tena 44 kati yao. Robo walikosea kila kitu! Tena kwa kujiamini kabisa, na hata walipoonyeshwa karatasi zao, mwandiko wao wenyewe, ile kumbukumbu ya mwanzo haikurudi. Sasa hao walikuwa macho wakati wanaipata habari, je wewe na ndoto ya saa tisa usiku?

Simwiti mtu muongo jamani. Chukua jinamizi. Anayekabwa anakabwa kweli, hofu ni ya kweli na kile kifua kizito anakihisi kweli. Kuna hatua ya usingizi yenye ndoto nyingi ambapo ubongo unalegeza misuli ya mwili ili usije ukarusha ngumi kitandani, saa ingine unazinduka kabla misuli haijafunguliwa, macho yanaona chumba, mwili hausogei na ndoto bado inaendelea, ndo unaona mtu amesimama pale. Kulala chali na kukosa usingizi vinaongeza. Kwa hiyo hali yenyewe ipo, ila aliyekwambia ni nani anakukaba, yeye amejuaje?

Na wanasaikolojia nao nisiwaachie hivi hivi. Mwaka 2015 watafiti walitoa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia na zilizosimama hazikufika hata nusu, kwa hiyo mtu akikuletea "wataalamu wamegundua" muulize imerudiwa na nani. Zile tesiti za kwenye simu za kukwambia tabia yako ndo usiseme. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, wakayapa wastani wa 4.26 kati ya 5 kwa usahihi, kumbe wote walipewa karatasi yenye maneno yale yale, na mengi kayatoa kwenye kitabu cha nyota. Mpaka leo watu wanabofya na kusema "hii ni mimi kabisa".

Ombi langu Mhariri ni dogo. Kabla hamjachapa ushuhuda mwingine wa ndoto, muulizeni mwandishi kama ana meseji au maandishi yoyote yenye tarehe ya kabla ya tukio. Na msomaji yeyote anayeota akitaka aanze leo, aamke, aandike kila ndoto, zilizotimia na zilizokosa, halafu alete daftari zima. Akija na la maana lipeni ukurasa wa mbele, mimi nitanunua gazeti.

Msomaji wenu