Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Lubumbashi

Wapendwa wanachama, wazee na vijana,

Hesabu mmeshazisikia kwa mtunza hazina, sitazirudia. Maigizo tuliyocheza mwaka huu karibu yote yaliagizwa: mashirika na kampuni zilileta ujumbe, sisi tukaupa sauti. Ni kazi ya heshima na imetulisha. Lakini chama cha tamthilia hakiwezi kuishi kwa maneno ya wengine tu, ndiyo maana vikao vyetu vya masomo tulivitenga kwa maisha ya Faustin Linyekula, mcheza ngoma na mtunzi wa ngoma za jukwaani wa nchi yetu ya Kongo.

Alizaliwa Ubundu mwaka 1974. Tamthilia aliianzia Kisangani, mwaka 1993 akaenda Nairobi, na huko mwaka 1997 akaanzisha kundi la ngoma la Gàara pamoja na Mkenya Opiyo Okach, mcheza ngoma mwenzake. Mwaka 2001, nchi ikiwa bado imegawanyika kwa vita, alirudi akafungua Studios Kabako, nyumba ya kazi ya ngoma na tamthilia, mjini Kinshasa. Kabako ni jina la rafiki yake aliyeuawa na tauni. Mwaka 2006 akaihamishia Kisangani, mji ambao majeshi ya Rwanda na Uganda yaliupigania mwaka 2000, raia wakafa majumbani mwao.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Paris ilimtaka: mwaka 2009 aliongoza Bérénice, tamthilia ya Mfaransa Racine, na waigizaji wa Comédie-Française, jumba la tamthilia la taifa la Ufaransa. Hata hivyo nyumba ya kazi yake ilibaki Kisangani, na kijana mcheza ngoma, mwanamuziki au mtengeneza filamu akapata pale mahali pa mazoezi, vyombo, na mtu wa kumfungulia njia. Mwaka 2007 tuzo kuu ya Prince Claus, ya Uholanzi kwa watu wa utamaduni, ilimfikia. Kwangu mimi, ile milango aliyowafungulia vijana inazidi tuzo.

Nasi tuna kitu chake hapa: katika Mémoire, video ya Sammy Baloji, mpiga picha wa Lubumbashi, Linyekula anacheza kati ya magofu ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, viwanda vilivyowalisha baba zetu. Mama mmoja kati yetu alilia alipoiona, wala hakuwa peke yake.

Basi komite inapendekeza mambo mawili. Sehemu ya kila malipo ya maigizo ya kuagizwa iwekwe kando kwa mchezo wetu wenyewe, kwa Kiswahili cha hapa, na waigizaji walipwe kutoka humo. Pia ukumbi tunaokodi Kamalondo uwe wazi, bila malipo, kwa makundi ya vijana siku tusizoutumia. Najua kodi ni nzito. Anayepinga asimame atueleze sababu zake, kisha tupige kura.

Mwenyekiti